Jini Aliyetuma Mshenga

Kitabu cha zamani kina harufu yake, na wenzangu wa rika langu mnaijua: vumbi, moshi wa koroboi, na kitu kitamu kidogo kama ganda la mti lililolowa kisha likakauka. Niliinusa hivi karibuni hapa Iringa nikitoka kununua nyanya, mbele ya kijana anayetandaza vitabu chakavu chini, kando ya soko. Katikati ya vitabu vya kemia na riwaya zisizo na jalada, nikamwona Mwanaidi. Alikuwa vilevile nilivyomwacha. Nywele zake zilielea kama ziko majini, macho yake yalimtazama mtu aliye nje ya picha, na nyuma yake mkono wa mwanamume ulijitokeza kwenye ukungu.

"Bibi, hivyo ni vya mapenzi ya majini," kijana akaniambia kwa upole. "Vya dini viko huku."

"Vya dini ninavyo nyumbani, mwanangu. Nifungie hivyo vyote."

Akanifungia, akijizuia kucheka. Nami sikumlaumu. Mtu aliyefundisha watoto wa kipaimara mpaka magoti yakachoka, amebeba kapu la nyanya na hadithi za jini wa baharini, hata mimi ningemcheka.

Kwa msiovijua, vilikuwa vijitabu vyembamba vya mfululizo. Mwanaidi ni msichana wa pwani. Faruzi ni jini wa baharini aliyempenda, na kila kijitabu kiliishia mahali ambapo moyo unadunda, ili ukitafute kinachofuata. Nilipokuwa mtoto sikuwa nimewahi kuiona bahari, lakini naamini niliijua kupitia wao. Kwa hiyo nilipofika nyumbani nilichemsha chai, nikajifunika sweta mabegani, nikaketi dirishani kama mtu anayemngojea mgeni wa siku nyingi.

Mgeni akaja, na sikumtambua. Mwanaidi analia karibu kila ukurasa. Hapiki, halimi, hachoti maji, wala hana shoga wa kumwambia jambo. Mama yake anatajwa mwanzoni, kisha mwandishi anamsahau. Faruzi naye kazi yake ni kung'aa macho na kutoa amri: njoo, nyamaza, nifuate. Nilisoma kwa subira, kwa kuwa subira ni kitu ambacho Mungu amenifundisha taratibu, lakini kila nilipofunua ukurasa nilizidi kusikitika. Hivi ndivyo vitabu vilivyonifanya nisahau kula?

Zaidi ya yote nilikuwa naitafuta posa. Hiyo ndiyo sehemu niliyotembea nayo maisha yangu yote. Jini mzee aliyepinda mgongo anatoka majini mchana kweupe, jembe jipya la posa begani, anakung'uta maji mlangoni kwa baba yake Mwanaidi na kupiga hodi. Baba hamfungulii mpaka aseme ametumwa na nani, wa ukoo gani. Nimewahi hata kuwasimulia watoto wa kipaimara kisa hicho, nikimgeuza jini kuwa mgeni wa mbali, nilipotaka waelewe amri ya kuwaheshimu baba na mama. Nikakitafuta tangu kijitabu cha kwanza hadi cha mwisho. Nikarudi tena mwanzo, nikidhani kurasa zimenyofoka. Hazikunyofoka. Posa haimo. Katika vitabu hivyo hakuna mtu anayepiga hodi popote.

Hapo nikaweka kikombe chini, nikamkumbuka dada yangu.

Baba yetu alikuwa Mbena wa milimani, mzee wa kanisa, aliyeteremka Ubaruku kwa sababu ya mpunga na hakurudi tena kwenye baridi. Sisi tulikulia kule bondeni, kwenye joto na mbu na ndege wasioshiba, na tulikijua Kisangu cha wenyeji kabla ya kukijua vizuri Kiswahili cha shule. Dada Twilumba alikuwa amemaliza darasa la saba. Mimi nilikuwa bado natumwa dukani na kusahau nilichotumwa.

Baada ya mavuno kazi yetu ilikuwa kuanika. Mpunga ulimwagwa kwenye maturubai kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa, na wenye mpunga waliketi pembeni kuulinda dhidi ya kuku na mbuzi. Ilibidi ugeuzwe ili ukauke sawasawa, na waliougeuza tulikuwa watoto. Ulivua viatu, kama unavyo, ukaingia na kuburuza miguu kutoka ukingo hadi ukingo, na nyuma yako punje zilibaki zimechora mitaro kama shamba dogo. Juu mpunga ulikuwa wa moto, chini ulikuwa wa baridi. Mpaka leo nyayo zangu zinakumbuka tofauti ile, na mwasho wa vumbi lake shingoni.

Basi nilikuwa naburuza miguu, na Dada Twilumba alikuwa anasoma. Akina mama wengi hawakujua kusoma, au walijua kidogo cha kutosha kuandika jina. Dada aliutazama ukurasa, kisha akasema kwa Kisangu kile alichokiona, akichanganya Kibena pale alipokwama. Nilidhani huko ndiko kusoma. Nilidhani vitabu vyote duniani vimeandikwa kwa lugha moja, na kazi ya msomaji ni kuvigeuza kwa ulimi, kama mimi nilivyougeuza mpunga kwa miguu.

Kiongozi wa wasikilizaji alikuwa Bibi Nyalusi, mjane mwenye mpunga mwingi na meno machache. Msemaji wao alikuwa Mama Mligo, ambaye hakuweza kukaa kimya hata kwenye ibada. Nakumbuka siku Faruzi alipokuja mara ya kwanza dirishani kwa Mwanaidi.

"Subiri hapo," Bibi Nyalusi akasema. "Huyu kijana ni wa nani?"

"Ni jini, bibi."

"Nimesikia ni jini. Nauliza ni wa nani. Hana baba? Hana mjomba? Mbona anakuja dirishani kama paka?"

"Labda majini hawana ukoo," Dada akajibu.

"Ebo! Hata kunguni ana ukoo," akaingilia Mama Mligo, na kicheko kikapita turubai hadi turubai.

Bibi Nyalusi hakucheka. Alijifunga khanga yake upya, akasema, "Funga hicho kitabu, mwanangu. Msichana wa watu anaibwa, na sisi tumekaa hapa tunasikiliza kama tumetumwa kushika taa. Mimi sisikilizi."

Dada akautazama ukurasa kwa muda mrefu. Nami nikasimama katikati ya mpunga, mguu mmoja juu, nikiogopa kwamba hadithi imekwisha. Kisha akasema taratibu, "Basi, Mwanaidi akamwambia, ondoka dirishani. Faruzi akarudi majini kwa aibu, akaenda kwa mjomba wake, akamwomba awe mshenga."

"Eee!" wakaitikia wote.

"Ndiyo maneno hayo," akasema Bibi Nyalusi. "Alikuja na nini, huyo mshenga? Jembe lilikuwepo?"

Dada akafunua ukurasa. "Lilikuwepo, bibi. Jipya kabisa. Lakini lilikuwa limelowa."

Tangu siku ile akina mama wakawa ndani ya hadithi. Walibishana kama mahari ya jini yanaweza kuwa ng'ombe, maana ng'ombe watavukaje bahari. Mama Mligo akauliza ndoa itatangazwa usharika gani, na kama kuna mtu mwenye pingamizi majini atasikiaje tangazo. Mwenye kujibu yote alikuwa Dada, macho yakiwa kwenye kitabu. Mimi sikuwa na shaka hata kidogo. Nilikuwa na hakika kwamba majini wote wana washenga, kama Wabena.

Vijitabu vile aliviletewa na Festo, utingo wa lori lililobeba mchele kwenda Mbeya. Alikuwa kijana mrefu, mwenye kofia na mafuta ya nywele yanayonukia kabla hajafika. Kila lori lilipokuja alikuwa na kijitabu kinachofuata ndani ya shati, na alimpa Dada nyuma ya chungu ya pumba, wakiongea polepole. Kisangu hakukijua hata neno. Aliwaona akina mama wakicheka na kuitikia, akadhani wanacheka kile alichokisoma yeye.

Mimi nilikuwa na mashaka yangu juu ya Festo. Alitoka mbali. Hakuna aliyewajua watu wake. Alitokea katika wingu la vumbi na kutoweka katika wingu la vumbi. Na jua liwake, mvua inyeshe, hakuvua mabuti yake ya mpira. Wenzangu shuleni walinihakikishia kwamba jini humjui kwa uso, unamjua kwa miguu, kwa kuwa ana kwato. Nikaunganisha mambo hayo mwenyewe, bila msaada wa mtu, nikapata jibu: Festo ndiye Faruzi. Siku moja nilimwomba avue mabuti. Akacheka, akanipa pipi, asivue. Pipi ile niliitupa kwenye pumba, na kwa mtoto wa wakati ule hiyo ilikuwa imani kubwa.

Ikafika siku ya kijitabu cha mwisho. Nilikuwa nimejificha nyuma ya chungu ya pumba, mpelelezi wa miguu ya watu, niliposikia Festo akimwambia Dada, "Lori linaondoka leo mchana. Soma mwisho wake, utajua la kufanya. Nitakuwa pale kwenye magunia, nitakusikia."

Dada akakipokea kijitabu. Alipogeuka nikaona machozi na tabasamu pamoja usoni pake, na sikujua nichague kipi. Asubuhi ile nilikuwa nimeona pia furushi la khanga chini ya kitanda, na ndani yake gauni lake la kipaimara. Mtoto hahitaji zaidi ya hapo. Jini anamchukua dada yangu. Atamshusha majini, na sisi tutabaki na kitanda kitupu. Nilitamani kumwambia mama, lakini ningemwambia nini? Kwamba utingo ana kwato?

Nikaingia kwenye mpunga, nikaanza kuburuza miguu, maana sikujua kufanya kingine.

Dada akaketi mahali pake. Akafungua kitabu, akaanza kusoma kwa Kiswahili, kwa sauti ya darasani, neno kwa neno.

"Leo vipi?" Mama Mligo akalalamika. "Umekuwa bwana shamba? Tusemee kwa lugha yetu."

"Leo nisikilizeni hivihivi, mama. Mtaelewa."

Wakaelewa, kwa kiasi chao. Faruzi amesimama ufukweni. Anamwambia Mwanaidi, njoo sasa, usimuage mtu yeyote, watu wako hawatakuelewa kamwe. Kwenye magunia Festo alikuwa ameacha kupakia. Aliegemea lori, mikono kifuani, akitabasamu. Nilimwona Dada akiinua macho. Hakumtazama Festo. Alimtazama Bibi Nyalusi, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuuliza. Kizee yule alikuwa ameshika tama, anasubiri, ana imani kabisa na Mwanaidi.

Dada akarudi kwenye ukurasa.

"Mwanaidi akamjibu," akasema. "Akamjibu: kama unanipenda, mlango wa baba yangu uko wazi mchana kutwa. Njia unaijua. Mimi sitoki kama mwizi katika nyumba ambayo sikuiba kitu."

Uwanja ulilipuka. Akina mama walipiga vigelegele mpaka mwenye mashine akatoka kuona kuna nini. Bibi Nyalusi alisimama, yeye na magoti yake, akacheza hatua kadhaa kando ya turubai.

"Haikuandikwa hivyo!" Festo akapaza sauti kutoka kwenye lori. "Twilumba! Haikuandikwa hivyo!"

"Wewe!" Mama Mligo akamgeukia. "Aliyeshika kitabu ni nani, wewe au yeye? Pakia magunia ya watu!"

Wakamcheka. Nami nilimcheka kuliko wote, kwa kuwa sasa nilikuwa na ushahidi: majini ni waongo, Biblia imesema baba yao ni mwongo, na huyu hapa anabishana na maandishi. Lori likaondoka. Dada akaingia kwenye mpunga pamoja nami, akawa anaburuza miguu, akitazama chini, na vumbi lilipompaka usoni nilimwona akilifuta na kulifuta. Nilidhani linamwasha. Jioni gauni la kipaimara lilikuwa limetundikwa ukutani mahali pake, nami nikamshukuru Mungu kwa kutuokoa na bahari.

Lori liliporudi lilikuwa na utingo mwingine. Vijitabu vikakoma. Baada ya muda akaja fundi seremala kutoka Mbeya, na kabla yake akaja mshenga, na Dada akaolewa Ilomba, hukohuko Mbeya, ambako anaishi mpaka leo, mjane, bibi wa wajukuu wengi, kinara wa akina mama usharikani kwake.

Huko ndiko nilikokwenda nikiwa na vitabu ndani ya mkoba. Sikutaka kumwuliza kwa simu. Kuna maswali ambayo lazima uone uso.

"Kamwene, mdogo wangu," akanipokea mlangoni, akanishika mikono yote miwili. Mjukuu wake Anitha, aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa jikoni akichambua mchele. Tulipokwisha kusalimiana na kuomba, nikaviweka vitabu mezani. Dada akavaa miwani. Akamtazama Mwanaidi jaladani.

"Mama weee," akasema. "Huyu bado analia tu?"

Nikacheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia nimevisoma vyote, nimechoka navyo, na nimeitafuta posa sikuiona.

"Utaionea wapi? Posa ni ya Bibi Nyalusi. Asingeniruhusu nisome bila posa."

"Na maneno ya mwisho? Mlango wa baba yangu uko wazi?"

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge ingawa haikuwa chafu. Anitha aliacha mchele, akaja kusimama kwenye mlango wa jikoni, sinia mkononi.

"Siku ile nilikuwa nakwenda," akasema Dada. "Nilikuwa nimefunga nguo. Yule kijana aliniambia, nikisoma Mwanaidi amekubali, atajua nimekubali, nipande lori likifika kwenye kona ya mfereji. Ndiyo maana nilisoma Kiswahili, asikie mwenyewe. Haikuwa kumkomoa. Nilimpenda."

Nilikuwa sijui. Miaka yote nilidhani alisoma Kiswahili ili kumtia aibu mbele ya watu. Nilimwona shujaa aliyekwenda vitani na silaha tayari, kumbe alikwenda kukubali.

"Nikafika pale kwenye mstari," akaendelea. "Umeandikwa, Mwanaidi akaufuata mkono. Nikamwona yule kizee ananitazama. Mjane, hana mtoto wa kike, na Mwanaidi alikuwa amemfanya wake. Walikuwa wamemlea yule binti, jamani, msimu mzima, wakamtafutia mshenga, wakagombania ng'ombe wake. Mimi niwaambie ameondoka bila kuaga? Mdomo ulikataa. Maneno yale hata sijui niliyatoa wapi. Nilipoyasikia nikajua ni yangu, na kwamba nimeshayasema mbele ya watu, siwezi kuyameza."

"Ukalia," nikasema.

"Nikalia mpunga wote ule. Wewe ulikuwa pembeni unaniambia Mungu ameshinda."

Anitha akashindwa kuvumilia. "Kwa hiyo bibi, ulimkataa mtu kwa kitabu?"

Dada akamgeukia. Hakuinua sauti. Namna alivyokaa wakati huo, mgongo umenyooka, kitenge kimefungwa vizuri, ningependa wote mliokua nasi kule bondeni mngekuwepo mmwone.

"Sikumkataa, mjukuu wangu. Nilimwonyesha mlango wa kuingilia. Kutokuja alichagua mwenyewe."

Nimesoma vitabu vingi vya watu wenye elimu kuhusu heshima ya binti na hiari yake, na nimefundisha kwa muda mrefu mambo ambayo nilidhani niliyapata chuo cha Biblia. Nilimtazama dada yangu, darasa la saba, aliyeshika kitabu kilichomwambia potea, akasoma humo njia ya kubaki na jina lake, kwa sauti, mbele ya moyo wake mwenyewe uliotaka kwenda. Nikamshukuru Mungu kwamba niliyajua maneno yale ya kwake kwanza, na haya yaliyochapwa kitabuni baadaye.

Anitha akauliza kama anaweza kuchukua vile vijitabu akavisome.

"Chukua," Dada akamwambia. "Lakini uje usome hapa sebuleni, tukusikie."